Wakwe wanatoka Wete, zimebaki siku 12, na mlango wa msala bado haufungi

MtuWaMalindi (mwenye uzi) – Jumamosi usiku

Assalamu alaykum wana jamvi. Naomba mnisaidie kwanza, kunicheka mtanicheka baadae.

Binti yangu anaolewa Mfungo Mosi huu. Wakwe zangu wanavuka kutoka Pemba kuja kukaa kwetu wiki nzima: baba mkwe, mama mkwe, shemeji zangu wawili na watoto wao. Mke wangu kahesabu watu 9. Boti yao ni Alkhamisi, si hii inayokuja, ya pili yake.

Nyumba ni ya urithi, hapa Malindi ya Mji Mkongwe, Unguja, ya mawe na chokaa. Vyumba vitatu virefu vyembamba, vile vya zamani vilivyokatwa kwa kipimo cha boriti, na msala (choo) mmoja. Jana baada ya Isha mke wangu kachukua kalamu na daftari akawa anapita chumba kwa chumba anaandika. Nikajua anaandika mahitaji ya harusi. Kumbe anaandika madeni yangu. Nanakili kama yalivyo:

"Mlango wa msala haufungi, tunaegesha ndoo. Mfereji wa msala unatona. Ukuta wa chumba cha wageni umevimba. Vigae vya jikoni vimefika nusu. Taa ya ngazini haiwaki. Waya ule."

Hakueleza waya upi, hana haja. Umeme ulipokatika Unguja nzima Disemba 2009, tukakaa kizani mpaka Machi 2010, niliazima jenereta dogo, nikatoboa fremu ya dirisha na kupitisha waya mpaka ukumbini. Umeme ukarudi. Jenereta likarudi kwa mwenyewe. Waya umebaki, mweusi, umepigwa fundo, unaning'inia juu ya kochi. Bi harusi alikuwa mtoto wa kubebwa wakati ule. Kakua nao.

Sasa la mlango. Baba mkwe mara ya mwisho alikuja miaka sita nyuma. Mzee mpole, hana maneno. Asubuhi ya kuondoka alishika kitasa cha msala, akaunyanyua mlango kidogo ili uingie kwenye fremu, akanitazama, akasema, "Huu utapona, inshallah." Basi. Miaka sita.

Fedha zote zimeingia harusini. Nianze na lipi?

---

Kijana_Fuoni

Yakhe, hiyo ndoo ya mlangoni huwa na maji au tupu? Nauliza tu.

MtuWaMalindi

Na maji. Tupu inasukumika.

Kijana_Fuoni

Sina swali jingine 😂😂

---

Mkuu_wa_Ubungo

Mkuu usijitese. Nenda kanunue zile karatasi za ukutani za kubandika, zenye picha ya matofali. Chumba cha wageni unakimaliza mchana mmoja. Ukuta uliovimba piga plasta ya simenti kwanza, halafu bandika juu. Mimi nimefanya kwangu, wageni wanadhani nimehamia nyumba nyingine.

MwashiWaJadi

Ndugu yangu wa Ubungo, kwako ni tofali za simenti, kwake ni mawe ya matumbawe na chokaa. Hizo nyumba mbili hazili chakula kimoja.

Mwenye uzi, jibu mambo mawili kabla hujanunua chochote. Moja, huo ukuta umeshawahi kupigwa simenti? Mbili, kwa juu yake mlizamu wa kutolea maji ya mvua uko wapi?

MtuWaMalindi

Simenti ndiyo, nilipiga mwenyewe mwaka 2017, na rangi ya mafuta juu yake ili isafishike. Ilipendeza mwaka mmoja. Mlizamu uko juu ya ukuta huo huo, lakini sijapanda siku nyingi.

MwashiWaJadi

Basi ukuta haukuumwa, uliuziba pumzi. Jiwe la matumbawe linanyonya maji, na chokaa inayatoa polepole nje. Hivyo ndivyo nyumba hizi zilivyosimama. Ukishaweka simenti na mafuta, maji yanakaa nyuma yake yanatafuta njia, yanakuja na chumvi, chumvi ikikauka inatanuka na kuisukuma plasta. Ule uvimbe ni chumvi. Ukipiga simenti nyingine juu utauhamisha tu, utatokea futi mbili pembeni.

Kesho panda juu ukatazame mlizamu. Kabla ya mlizamu usiguse ukuta.

---

Bi_Kipupwe

Baba Bi Harusi, hongera, Mungu awajaalie kheri. Hawa mafundi wataanza kubishana chokaa na simenti mpaka wageni washuke bandarini, kwa hivyo mie nikwambie la kike.

Nimepokea wageni wa Idd, wa hitma na wa harusi, mara nyingine nyumba ikiwa haina hata rangi. Mgeni haji kukagua ukuta. Mgeni anatafuta pa kutundika buibui lake, pa kutilia udhu bila kurowa mpaka magotini, pa kuchajia simu, na usiku akiamka aione njia ya msalani bila kukanyaga watoto waliolala. Chukua daftari la mkeo ulisome kwa mkono, usilisome kwa macho. Kila kitakachoshikwa na mkono wa mgeni kitangulie: kitasa, mfereji, swichi, komeo. Cha kutazamwa tu kisubiri.

Na hiyo taa ya ngazini umeiandika kama kitu kidogo. Mama mkwe wako ana miaka mingapi? Ngazi za Malindi nazijua mie, zile za mwinuko kama mnazi. Leo leo, kabla hujalala, tia taa.

Jikoni wala usikuguse. Siku za harusi jikoni kutajaa masufuria na wanawake, hakuna atakayeona kigae.

MtuWaMalindi

Bibie, nimeinuka hapa hapa. Ilikuwa globu tu. Imeungua na ikakaa miezi minane. Nimeona haya kuandika.

---

SeremalaSaateni

Nije kwenye mlango. Wengi wakiona mlango umegoma msimu huu wa masika wanakimbilia randa. Usithubutu. Mbao sasa hivi imekunywa maji, imenenepa. Ukiiranda ikae vizuri leo, ikija kaskazi itajikunyata na utabaki na uwazi wa kupitisha kidole.

Tena umesema mzee aliunyanyua ukaingia. Basi hapo ugonjwa uko kwenye bawaba, mbao haina kosa. Shika mlango ukiwa wazi, unyanyue kwa upande wa kitasa. Ukicheza, bawaba ya juu imelegea. Fungua skrubu, chonga vijiti vya mbao laini, vitie gundi, visokomeze kwenye matundu mpaka vijae, acha mpaka kesho yake, halafu rudisha na skrubu za shaba. Za chuma hapa kwetu na hewa hii ya bahari unajisumbua, na msalani ndo kabisa.

Ukimaliza, paka mkaa ukingoni mwa mlango, ufunge, ufungue. Pale mkaa ulipochapa kwenye fremu ndipo panapogusa. Hapo piga msasa kidogo tu, si zaidi.

Mpemba_Halisi

Sisi watu wa Wete hatuna makuu. Mtilie mzee maji ya moto ya chai na pahala pa kuswalia alfajiri, mengine ataghufiri. Lakini mlango alioutaja kwa mdomo wake atauangalia. Hilo nakuhakikishia.

---

MtuWaMalindi – Jumatatu

Mrejesho wa mlango.

Mimi na kijana wangu tuliushusha jana baada ya Alasiri. Bawaba ya juu ina skrubu tatu. Mbili zilitoka kwa vidole, sikutumia hata bisibisi, zikiwa zimeliwa na kutu mpaka zimekuwa nyembamba kama misumari ya viatu. Ya tatu peke yake ndiyo iliyoushika mlango miaka yote hii. Nikakaa nikaitazama kidogo.

Vijiti tulichonga kwenye ubao wa sanduku la matunda. Gundi, tukauacha usiku kucha (usiku ule msala ulifungwa kwa khanga, na kila anayeingia anaimba ili ajulikane). Leo asubuhi skrubu za shaba sita, mkaa, msasa. Pale palipochapa palikuwa padogo kama kiganja.

Kazi yenyewe, ukitoa muda wa gundi, haikufika dakika arubaini. Mke wangu kaufungua na kuufunga mara nne. Hajasema kitu. Kakata mstari kwenye daftari.

Kijana_Fuoni

Na ndoo?

MtuWaMalindi

Imestaafu.

---

MtuWaMalindi – Ijumaa usiku

Ndoo imerudi kazini. Nisikilizeni.

Baada ya sala ya Ijumaa nikajiona fundi. Nikasema mfereji wa msala nao leo. Nilijua ni raba ya ndani imekwisha, nimeshanunua na raba na tepu nyeupe ya kuzungushia nyuzi. Kila mtu anajua kwanza unafunga koki kuu inayotoka kwenye tangi. Nami nikaifunga. Tuseme nilidhani nimeifunga. Ile koki haijageuzwa tangu tangi lipande juu. Ilizunguka kwa wepesi nikafurahi, kumbe kilichozunguka ni mkono wake tu, ndani haikusogea hata chembe.

Nikafungua mfereji. Ukanitoka mkononi ukagonga ukuta wa pili.

Tangi ni la lita 1,000, na lilijaa alfajiri ile ile. Maji yakawa yananipiga kifuani, nimevaa kanzu ya Ijumaa. Nimeziba kwa kidole gumba, yakatokea pembeni. Mke wangu anapita na ndoo, kijana anapita na ndoo, bi harusi anapita na ndoo na mikono yake imepakwa sandali mpaka viwikoni. Nikarudi kwenye koki kuu kwa spana, mkono wake ukavunjika.

Kilichotuokoa ni mzee jirani. Kasikia makelele, kaingia na kisu chake cha kukatia tumbaku, kaomba kijiti. Kakata tawi la mpera uani, kalichonga ncha, kalizungushia kitambaa, kalisokomeza kwenye bomba na kuligonga kwa kanda yake ya mguuni. Maji yakakata. Akaniambia, "Sasa tafuta fundi," akaenda zake.

Fundi kaja saa mbili usiku, kabadilisha koki kuu na mfereji. Raba niliyonunua ni ya saizi nyingine kabisa.

Bi_Kipupwe

Pole sana. Lakini jambo lenyewe limekaa vizuri. Koki hiyo ingevunjika Alkhamisi na nyumba imejaa wageni ungesemaje? Na umlipe yule mzee kwa kumpelekea chakula, usimpelekee pesa, atakutusi.

Fundi_Bomba_Jangombe

Wenye nyumba nawaomba kitu kimoja. Koki kuu igeuzeni kila baada ya miezi michache, funga, fungua, basi. Maji yetu yana chokaa na hewa yetu ina chumvi, ikikaa miaka inashikana. Halafu kabla hujagusa mfereji, funga koki, fungua mfereji uuache utiririke mpaka ukate. Usipokata, koki haikufunga, usiendelee. Ni hivyo tu. Nimeingia nyumba nyingi mwenye nyumba kavaa kanzu imerowa.

---

MtuWaMalindi – Jumapili

Fundi MwashiWaJadi, nimepanda. Mlizamu umeziba kwa majani na mpira wa plastiki wa watoto. Maji ya mvua yote yalikuwa yanamwagika yanashuka na ukuta. Nimeutoa uchafu, nikamwaga maji, sasa yanapita.

Halafu nikashuka na nyundo na tindo. Plasta ile ya 2017 niliigonga pahala pamoja ikatoka kipande kizima, kikubwa kama sinia. Nyuma yake mawe yamelowa, na juu ya mawe kuna unga mweupe. Nimelamba kidole. Chumvi.

Bado siku nne. Nafanya nini?

MwashiWaJadi

Vizuri. Sasa usikimbie.

Toa simenti yote iliyolegea, ile iliyoshika iache kwa sasa. Unga huo usiuoshe kwa maji, utaurudisha ndani. Chukua brashi kavu ngumu, uusugue, uzoe chini, ukautupe nje. Rudia kesho. Fungua madirisha kutwa.

Plasta ya chokaa kwa siku nne haiwezekani, nisikudanganye. Inapigwa tabaka jembamba, inakaa, inanyunyiziwa maji, tabaka jingine, na hiyo inataka wiki kadhaa. Fanya baada ya harusi, mvua ikishakata. Kwa sasa ziba yale mashimo makubwa tu kwa chokaa na mchanga laini, kipimo kimoja kwa vitatu, kisha nunua chokaa iliyorowekwa, izimue iwe kama maziwa, lowesha ukuta kidogo, paka nyembamba mara tatu. Ukipaka utaona kama maji tu, utasema fundi kanidanganya. Ikikauka ndiyo inakuwa nyeupe. Funika macho, chokaa ikiingia jichoni si mchezo.

Ukuta utakuwa na mabonde mabonde. Uwe nayo. Na kitanda kisiguse ukuta, weka nafasi ya shubiri mbili hewa ipite.

Jingine, tazama ncha za boriti pale zinapoingia kwenye ukuta huo. Kama zinabonyea kwa msumari, hapo si kazi ya kupendezesha nyumba tena, ita fundi wa kweli kabla hujamlaza mtu chini yake. Na siku utakayotaka kugusa nje, dirisha au mlango wa mbele, pita kwanza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mji huu umo kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000, huwezi kuamka tu ukatia dirisha la alumini.

Mkuu_wa_Ubungo

Nimejifunza kitu hapa, asante mwashi. Ila chumba cha wageni chenye mabonde mabonde wiki ya harusi, mkuu, hapana kwa kweli.

Bi_Kipupwe

Ukuta wa chokaa mweupe, shuka safi, udi kidogo jioni. Tia misumari sita ya kutundikia nguo kwenye ule ukuta mwingine, mzima. Atakayeangalia mabonde mtoe nje kwa adabu.

MtuWaMalindi

Boriti nimezigonga kwa msumari zote, ngumu kama chuma, alhamdulillahi. Chokaa mkono wa kwanza tayari. Ni kweli, inaonekana kama nimepaka maji. Mke wangu kaniuliza mara mbili kama nina hakika.

MtuWaMalindi – Jumatano

Imekuwa nyeupe. Subhanallah. Nyeupe isiyong'aa, na chumba kimekuwa baridi, harufu ya uvundo imekatika. Vigae sikuvigusa. Waya sikuugusa, nimekosa muda, na kusema kweli nikiuvuta nitabomoa fremu ya dirisha. Wageni kesho.

---

MtuWaMalindi – baada ya harusi

Samahani kwa kukaa kimya, mnajua nyumba ya harusi.

Wamefika salama. Mama mkwe kapanda ngazi kwa taa yake, kaingia chumba cha wageni, kaweka mkono ukutani, kasema chumba kinafanana na cha marehemu mama yake. Siku ile sikumjibu kitu, nilikwenda jikoni nikakaa kidogo.

Baba mkwe nilimvizia. Kaingia msalani kutia udhu wa Magharibi, nikasikia mlango, nikasikia komeo, ta. Nikasubiri barazani kama mtoto anayesubiri matokeo ya skuli. Katoka, kajifuta uso, kapita. Hakusema hata herufi.

Usiku tumekaa ukumbini, kainua macho. "Huu waya wa nini?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka miwani ikateremka. Kumbe sisi tulichokiita mwaka wa giza wao walikiona cha kawaida. Kaanza kusimulia Pemba ya majenereta ya Wesha, kabla waya wa baharini kutoka Tanga haujafika mwaka 2010, umeme unavyokuja na kuondoka bila ya kuaga, wao wanavyolala mapema. "Nyinyi mlilia miezi mitatu," akasema. Shemeji wakaingia, majirani wakaingia, kila mtu na hadithi yake ya ule mwaka, nani aliuza mishumaa, nani alipandisha maji kwa kamba, samaki wa nani walioza kwenye friza. Tulikaa mpaka saa sita. Sijapata kuwa na mazungumzo hivi na mkwe wangu miaka ishirini na tatu.

Jumapili kabla ya kuondoka akaomba ngazi. Nikajua anataka kuutoa waya, nikaona haya, nikamwambia baba acha, nitautoa mwenyewe. Akapanda. Kaukaza lile fundo, lilikuwa limeanza kulegea. Akashuka.

SeremalaSaateni

Na mlango hakusema kitu kweli?

MtuWaMalindi

Bandarini, keshashika mfuko wake. "Umepona." Basi.

Kijana_Fuoni

Mimi nasubiri habari za ndoo.

MtuWaMalindi

Ndoo iko mlangoni. Mlango sasa unafunga barabara, watoto wa shemeji walijifungia ndani mara tatu wakashindwa kufungua komeo. Mke wangu kaamuru uegeshwe wazi.

Kijana_Fuoni

Na maji au tupu?